Mtoto wa mbwa mwenye minyoo akishikwa na degedege: nini kifanyike kwanza, nini kingoje

Kosa ni lile lile kila mara. Mtoto wa mbwa ana tumbo lililowamba kama ngoma na mbavu zinazohesabika. Ameharisha siku mbili na chakula hakitaki. Alfajiri anakutwa ameanguka ubavu, taya zinatafuna hewa, miguu inarusharusha, povu linamtoka mdomoni. Mwenyewe anajua mbwa wake ana minyoo, kwa hiyo anakimbilia chupa ya dawa ya minyoo na kummiminia. Muda si mrefu mtoto amekufa.

Dawa ile haikuwa na kazi pale. Mtoto aliye katikati ya degedege hamezi, na anachomiminiwa huingia mapafuni. Hata angemeza, dawa ya minyoo huchukua saa nyingi kufanya kazi, ilhali ubongo wake ulikuwa unadai sukari ndani ya dakika chache. Ndiyo maana hapa sukari inatangulia na dawa ya minyoo imewekwa karibu na mwisho. Tafadhali usiruke hatua ili uifikie.

Maelezo haya ni ya watoto wa mbwa wa wiki 2 hadi miezi 6. Hayachukui nafasi ya daktari wa mifugo. Hatua 5 za kwanza zipo ili mtoto afike kwa daktari akiwa hai.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla hakujaharibika

Viweke pamoja kwenye boksi moja. Degedege halikupi muda wa kutafuta.

- Glovu za mpira, jozi kadhaa
- Asali, au sukari ya kawaida na maji ya uvuguvugu
- Chupa ya kutia maji ya moto, na taulo mbili
- Kipimajoto cha kidijitali na mafuta ya mgando
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu
- Mabomba ya sindano ya mililita 1 na mililita 5, bila sindano zenyewe
- Simu yenye kamera, na namba ya daktari wa mifugo anayepokea wagonjwa usiku
- Kopo safi lenye mfuniko, la kuchukulia kinyesi
- Daftari na kalamu
- Dawa ya minyoo iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, yenye lebo inayosomeka

Angalizo moja kuhusu sukari, na ni la kufa na kupona: isiwe sukari mbadala. Vitu vilivyoandikwa kuwa havina sukari mara nyingi hutiwa zailitoli (kwenye lebo: xylitol). Kwa binadamu haina neno, lakini kwa mbwa huamsha insulini kwa nguvu na kuiangusha zaidi sukari ya damu, kisha huweza kuharibu ini. Soma lebo leo, wakati akili imetulia.

## Hatua ya 1: Jilinde wewe na waliopo

Toa watoto na wanyama wengine chumbani. Vaa glovu. Kisha jiulize maswali matatu: mtoto huyu ametoka wapi, mama yake alichanjwa, na je, amewahi kung'atwa au kukutwa na jeraha lisiloeleweka?

Sababu ni kichaa cha mbwa. Mtoto wa mbwa naye hukipata, na dalili zake huweza kufanana na za degedege la kawaida: mate mengi, taya iliyolegea, kuyumba, kubadilika tabia ghafla, kupooza. Tumbo lenye minyoo halimkingi na ugonjwa huo.

Kama majibu ya maswali yale yanatia shaka, usimguse mdomo kabisa. Ruka hatua ya 3, mfungie chumbani au kwenye boksi lenye matundu ya hewa, na mpigie daktari umweleze shaka yako kabla ya kumsafirisha. Aliyeng'atwa, au aliyeingiwa na mate kwenye kidonda au machoni, aoshe kwa maji mengi kwa dakika 15, kidonda kwa sabuni, na aende hospitali siku hiyo hiyo. Hilo halisubiri kuona kama mbwa atapona.

## Hatua ya 2: Acha degedege lipite, lakini tazama saa

Mlaze ubavu mahali pa chini pasipo na ncha wala ngazi. Punguza mwanga na kelele. Usimshike miguu kumzuia, usimvute ulimi, usimtie kijiko kati ya meno. Mbwa hamezi ulimi wake, ila anaweza kukung'ata bila kujua.

Anza kuhesabu muda mara moja. Degedege la sekunde 30 hadi dakika 2 linatisha, lakini mara nyingi hukoma lenyewe. Likifika dakika 5, au likirudi kabla hajazinduka vizuri, ni dharura ya kuondoka pale pale na kuendelea na hatua nyingine njiani.

Mtu wa pili apige video. Sekunde 20 zinatosha, mradi zionyeshe uso, macho na miguu yote minne. Daktari hutambua mengi kwenye picha ile ambayo maneno hayawezi kueleza: kama ni mwili mzima au upande mmoja, kama mtoto ana fahamu, kama ni kutetemeka kwa baridi na udhaifu au degedege lenyewe.

Umefaulu hatua hii ikiwa: mtoto hajaumia, hujang'atwa, na una muda ulioandikwa.

## Hatua ya 3: Sukari kwenye fizi

Hii ndiyo hatua inayookoa wengi, na ndiyo inayorukwa na wengi.

Mtoto wa mbwa ana akiba ndogo sana ya sukari kwenye ini, misuli yake ni midogo, na mafuta hana. Ubongo wake hutegemea sukari inayoletwa na damu saa kwa saa. Sasa mweke kwenye hali ya minyoo mingi: anaharisha, anatapika, utumbo umevimba na haufyonzi chakula sawasawa, na kwa sababu anaumwa amekataa kula usiku kucha. Akiba inaisha. Sukari ikishuka chini ya milimoli 3.3 kwa lita, ambayo ni sawa na miligramu 60 kwa desilita, huanza kulegea, kuyumba kama mlevi na kukodoa macho. Ikizidi kushuka, anaingia kwenye degedege au anazimia. Watoto wa mbwa wa aina ndogo huanguka haraka kuliko wote.

Kwa hiyo, kwa mtoto mwenye minyoo, dhani sukari imeshuka mpaka ithibitike vinginevyo. Sukari kidogo kwenye fizi haimdhuru ambaye hakuihitaji.

1. Subiri taya zilegee. Usilazimishe.
2. Changanya sukari na maji ya uvuguvugu kwa vipimo sawa, au tumia asali.
3. Nyanyua mdomo wa juu kwa pembeni, nje ya meno. Paka kwenye fizi kiasi cha nusu mililita kwa mtoto wa kilo 1 au 2, kwa kidole chenye glovu. Yaani tone nono la kupaka. Si la kumimina.
4. Kichwa kielekee chini kidogo ili kisicholambwa kitoke nje.
5. Rudia kila baada ya dakika 5, mara tatu tu, huku maandalizi ya safari yakiendelea.

Umefaulu ikiwa: ndani ya dakika 5 hadi 15 anaanza kulamba, anainua kichwa, macho yanakufuata. Akishaweza kumeza mwenyewe na kusimama, mpe chakula laini kidogo, kijiko kimoja au viwili vya chai. Sukari tupu hupanda na kushuka upesi. Chakula ndicho kinachoishikilia. Maziwa ya ng'ombe yasitumike, kwa kuwa huongeza kuharisha.

Ikiwa ameamka kabisa na anatikisa mkia, bado anakwenda kwa daktari. Kilichoishusha sukari hakijaondoka, na baada ya saa mbili tatu anaweza kurudi pale pale. Watu wengi hulegea hapa kwa furaha, na mtoto hufa jioni.

Ikiwa hajabadilika kabisa baada ya dakika 15, hilo nalo ni jibu: huenda chanzo si sukari, au imeshuka kiasi kwamba anahitaji glukosi ya mshipani. Vyote viwili ni kazi ya daktari.

## Hatua ya 4: Joto, lakini pima kwanza

Paka ncha ya kipimajoto mafuta ya mgando, ingiza kidogo sehemu ya haja kubwa, subiri kilie.

Kuanzia wiki ya 4 hivi, joto la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39.2. Wadogo zaidi wako chini ya hapo. Wa wiki ya kwanza huwa kati ya 35 na 37. Mtoto aliyepoa hawezi kusaga chakula, kwa sababu utumbo wake husimama. Ukimlisha akiwa chini ya nyuzi 35, chakula kinakaa tumboni, kinachacha au kinarudi juu na kumwingia mapafuni.

Aliyepoa mfunge kwenye taulo, weka chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa taulo la pili pembeni yake, si chini yake. Mpandishe polepole, kwa nusu saa au zaidi. Chupa iliyogusana na ngozi tupu humwunguza mtoto asiye na nguvu ya kujisogeza.

Kinyume chake pia hutokea: degedege refu hupandisha joto kwa sababu misuli inafanya kazi bila kupumzika. Akizidi nyuzi 40, usimfunike. Lowesha nyayo na tumbo kwa maji ya kawaida, mpepee, na acha akifika 39.5 ili asipoe kupita kiasi.

## Hatua ya 5: Soma mwili wake kwa dakika mbili

Hapa unatafuta kujua minyoo imemfikishaje kwenye ubongo, kwa sababu njia ziko kadhaa na kila moja ina alama yake. Andika unachokiona.

Fizi. Nyanyua mdomo utazame rangi. Waridi ni salama. Nyeupe au ya kijivu ni upungufu wa damu, na mshukiwa wa kwanza ni minyoo ya safura. Bonyeza fizi kwa kidole mpaka iwe nyeupe, achia: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ikichelewa, damu haizunguki vizuri.

Safura inastahili kuogopwa kuliko ile minyoo mirefu inayoonekana. Mnyoo mmoja wa safura ya mbwa hufyonza takribani mililita 0.1 za damu kwa siku, na humwachia jeraha linaloendelea kuvuja. Mtoto wa kilo 1 ana damu ya mililita 80 hadi 90 tu. Minyoo 100 humtoa mililita 10 kila siku, yaani zaidi ya sehemu moja ya kumi ya damu yake yote. Ubongo usiopata hewa ya kutosha kutoka kwenye damu humfanya azubae, aanguke, azimie. Na mabuu ya safura hupita kwenye maziwa ya mama, hivyo mtoto anaweza kuwa na wiki 2 au 3, hajawahi kukanyaga nje, na tayari amekauka damu kabla hata yai moja la mnyoo halijaonekana kwenye kinyesi chake. Kinyesi cheusi kama lami kwa mtoto mwenye fizi nyeupe ni ishara ya kukimbia.

Ngozi na macho. Vuta ngozi ya mabegani, achia. Ikibaki imesimama, amekauka maji. Kuharisha na kutapika huondoa pia chumvi, na sodiamu au potasiamu zikivurugika, misuli na neva huvurugika nazo. Mtoto aliyekonda sana ngozi yake huwa nzito kurudi hata kama hajakauka, kwa hiyo tazama pia kama fizi zinanata na macho yamezama.

Tumbo. Liguse kwa upole. Tumbo kubwa lililo laini ni la kawaida kwa minyoo. Tumbo gumu, linalomfanya alie, pamoja na kutapika na kukosa choo, huashiria utumbo ulioziba kwa fundo la minyoo au uliojikunja na kuingiana. Hapo dawa ya minyoo isitolewe nyumbani kwa hali yoyote.

Minyoo kuingia ubongoni. Hili ndilo wengi hulifikiria kwanza. Mabuu ya minyoo mirefu ya duara, Toxocara canis, husafiri kweli mwilini, hupita ini na mapafu, na machache huweza kupotelea kwenye viungo vingine. Lakini kwa mtoto wa mbwa ni nadra sana hilo kuwa chanzo cha degedege. Sukari, damu na maji hutangulia mbali.

## Hatua ya 6: Kwa daktari, ukiwa na mambo manne

Nenda na video, daftari, kinyesi na chupa au pakiti ya kila dawa aliyopewa ndani ya wiki mbili, hata ile unayoona aibu kuitaja. Kinyesi kiwe kibichi, kiasi cha kijiko cha chai, kwenye kopo lililofungwa. Kikikaa saa kadhaa, kiwe kwenye ubaridi, mbali na chakula, bila kugandishwa.

Omba mambo haya yafanyike kwanza: sukari ya damu, wingi wa damu, na kama inawezekana chumvi za damu. Kipimo cha sukari huchukua tone moja na chini ya dakika moja. Kipimo cha mayai ya minyoo kinaweza kungoja.

Na ujue mipaka yake. Kinyesi kisichokuwa na mayai hakimaanishi mtoto hana minyoo. Minyoo michanga hunyonya damu na kujaza utumbo kabla haijaanza kutaga. Mtoto aliyeambukizwa tumboni mwa mama huwa na minyoo kamili utumboni akiwa na wiki 3 hivi. Ukipima siku chache mapema, darubini haioni kitu.

### Mengine yanayojificha nyuma ya minyoo

Karibu kila mtoto wa mbwa asiyetunzwa ana minyoo. Kwa hiyo kuikuta hakutoshi kusema ndiyo chanzo. Mwulize daktari kuhusu haya:

Distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, ndiyo inayodanganya kuliko zote. Matongo machoni, kamasi, kikohozi na kuharisha hutangulia, kisha baada ya siku au wiki huja kutafuna hewa au misuli inayoruka kwa mpigo mmoja, hata akiwa usingizini. Msuli unaoruka usingizini si minyoo.

Mshipa unaoruka ini, yaani mshipa wenye kasoro unaopitisha damu ya utumbo bila kusafishwa na ini, humfanya mtoto abaki mdogo kuliko nduguze, na huzubaa au kusukuma kichwa ukutani baada ya kula. Linganisha: mwenye sukari iliyoshuka huzidiwa akiwa na njaa na hupata nafuu akila. Saa ya degedege na saa ya chakula cha mwisho, ukiziandika zote mbili, humsaidia sana daktari.

Sumu, zikiwamo dawa za kuua wadudu na, inasikitisha kusema, dawa ya minyoo yenyewe. Hiyo inahitaji hatua yake.

## Hatua ya 7: Dawa ya minyoo, kwa uzito na kwa lebo

Sasa ndipo. Mtoto ana fahamu, anameza, joto limerudi, sukari imetulia, na daktari ameruhusu. Kwa mwenye safura iliyomkausha damu, daktari anaweza kuamua kutoa dawa siku hiyo hiyo akiwa anaongezewa damu, kwa sababu kila siku ya kungoja ni damu nyingine inayopotea. Uamuzi huo ni wake, kwani yeye anaona vipimo.

Mpime. Weka bakuli kwenye mizani, sifurisha, mweke ndani. Usikadirie kwa macho: tumbo la minyoo na maji humfanya aonekane mzito.

Soma nguvu ya dawa. Dawa inayotumika sana kwa watoto kuanzia wiki 2 ni pairanteli, miligramu 5 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 2.4 anahitaji miligramu 12. Chupa moja ina miligramu 50 katika kila mililita, na kwake dozi ni mililita 0.24. Chupa nyingine ina miligramu 4.5 katika mililita, na dozi ile ile inakuwa mililita 2.7. Dawa moja, mnyama mmoja, ujazo unapishana mara 11. Kwa hiyo ukisikia ushauri wa "mpe mililita mbili" bila kutaja nguvu ya dawa, uuache. Angalia pia kama lebo inahesabu pairanteli yenyewe au chumvi yake: miligramu 144 za pairanteli pamoeti zina miligramu 50 tu za pairanteli.

Fenbendazoli ni chaguo jingine zuri: miligramu 50 kwa kilo, mara moja kwa siku, siku 3 mfululizo, pamoja na chakula. Kwa tegu huhitajika prazikwanteli, na viroboto waondolewe, maana ndio wanaoleta tegu wa kawaida.

Jinsi ya kumpa. Bomba liingie pembeni mwa mdomo, kichwa kikiwa sawa, si kimeinuliwa juu. Sukuma kidogo, ngoja ameze, sukuma tena.

### Dawa zinazoleta degedege lenyewe

Ivermektini ya kuchoma ng'ombe ndiyo mwuaji mkubwa. Ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita. Ng'ombe hupewa miligramu 0.2 kwa kilo. Mtoto wa mbwa wa kilo 2 akipewa mililita moja, amepata miligramu 5 kwa kilo, mara 25 ya dozi ya ng'ombe. Ukuta unaolinda ubongo wake haujakomaa, na kwa mbwa wa ukoo wa Collie na jamaa zake wenye kasoro ya jeni iitwayo MDR1, ukuta huo una tundu maisha yote. Dalili ni mboni zilizopanuka, upofu, mate, kuyumba, kutetemeka, kisha kuzimia. Mwenye mbwa huona haya na kusema minyoo imepanda kichwani.

Levamisoli ya mifugo na piperazini iliyozidi nazo huvuruga neva. Piperazini na pairanteli zisitolewe pamoja, kwani kila moja huvunja kazi ya nyenzake. Na usirudie dozi kwa sababu hujaona minyoo ikitoka.

Umefaulu ikiwa: ndani ya siku moja au mbili choo kinatoka, mara nyingi na minyoo mirefu myeupe iliyojikunja, ya sentimita 10 hadi 18, mingine ikiwa bado inajinyonganyonga, maana pairanteli huipooza tu. Minyoo ya safura ina sentimita 1 hadi 2 na kwa kawaida hutaiona.

Rudi kwa daktari mara moja ikiwa: anatapika mfululizo, tumbo limekuwa gumu, hakuna choo, au degedege limerudi.

## Hatua ya 8: Siku tatu za kumkesha

Mlishe kidogo kidogo, mara 4 hadi 6 kwa siku, na asipitishe usiku mzima bila kula. Kwa walio chini ya wiki 6 au wa aina ndogo, weka kengele ya simu uamke umlishe kila baada ya saa 3 au 4. Chakula kiwe laini na cha uvuguvugu.

Kila asubuhi, kabla ya chakula, andika uzito, joto, rangi ya fizi na alivyojisaidia. Uzito ndio shahidi mkweli. Mtoto anayepona huongezeka kila siku, hata kama ni gramu chache. Akisimama siku moja, chunguza. Akipungua, piga simu.

Fizi hazirudi waridi kwa usiku mmoja. Damu mpya huchukua siku nyingi kutengenezwa, na inahitaji protini na madini ya chuma, kwa hiyo asichezeshwe hadi achoke wala asiogeshwe kwa maji baridi. Usimpe vidonge vya madini ya chuma vya binadamu. Vikizidi ni sumu kwake.

Sukari iliyokaa chini muda mrefu huweza kuacha kovu kwenye ubongo: upofu wa muda au wa kudumu, uzito wa kujifunza, kifafa cha baadaye. Jaribu hivi: dondosha pamba mbele yake. Akiifuata kwa macho, ni dalili njema. Asipoifuata kwa siku kadhaa, mweleze daktari.

## Hatua ya 9: Rudia dawa, safisha, shughulikia nduguze

Dozi moja huondoa minyoo iliyo utumboni siku ile. Mabuu yaliyo safarini mwilini huwasili baadaye na kuanza upya. Kwa hiyo watoto wote hupewa dawa wakiwa na wiki 2, 4, 6 na 8, kisha kila mwezi mpaka miezi 6. Mama hupewa siku zile zile, kwa sababu analamba vinyesi vyao na kuambukizwa tena. Akipata mimba nyingine, zungumza na daktari mapema: fenbendazoli ya kila siku kuanzia siku ya 40 ya mimba hupunguza sana mabuu yanayovuka kondo la nyuma kwenda kwa watoto.

Zoa kinyesi kila siku. Mnyoo jike mmoja wa Toxocara hutaga mayai zaidi ya 100,000 kwa siku, lakini yai jipya haliambukizi; huhitaji wiki 2 hadi 4 kukomaa ardhini. Anayezoa kila siku analiondoa likiwa bado halina madhara. Likiachwa, huishi miaka, na dawa za klorini haziliui. Kwenye sakafu ngumu sugua kwanza, kisha mwaga maji yanayochemka. Mabuu ya safura huwa tayari ndani ya siku chache tu kwenye udongo wenye joto na unyevu, nayo hupenya ngozi ya mguu mtupu wa binadamu, kwa hiyo viatu. Watoto wa nyumbani wanawe mikono kila baada ya kumshika mbwa, maana mayai ya Toxocara yakimezwa huweza kufika kwenye ini, jicho na hata ubongo wa mtu.

Nduguze waliobaki wapimwe uzito leo, mmoja mmoja, hata wanaoonekana wazima. Mwepesi kuliko wote alishwe peke yake, kwanza, kabla wenzake hawajamsukuma, na fizi zake zitazamwe asubuhi na jioni. Kwa kawaida ndiye anayefuata.